Paa Nalo Lataka Kupumua

Wiki hii nawaalika tupande darini. Hatupandi kutafuta kuku aliyeatamia huko, wala kuhesabu magunia. Twapanda kulitazama bati kwa upande wa ndani, upande ambao wengi wetu hatujauona tangu siku ile fundi aliposhuka ngazi, akapokea ujira wake, akaenda zake.

Kuezeka nyumba huku vijijini si kazi ya mwaka mmoja. Mtu huuza kahawa msimu huu akanunua mabati kumi, msimu ujao kumi mengine, na katikati mtoto akiugua au karo ikidaiwa, mabati husubiri. Ikifika siku ya kuezeka, nyumba ile imekwisha kula jasho la miaka mitano au sita. Ndiyo maana yafaa tuulize bila haya: Paa hilo litakaa muda gani? Bati lililopakwa zinki ya kutosha, mahali palipo mbali na chumvi ya bahari, laweza kukaa miaka 30 na zaidi. Lakini twaona nyumba ambazo hazijatimiza hata miaka kumi na mitano, mabati bado yapendeza kwa nje, na huko ndani papi zimekuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Msumari ukiuvuta kwa vidole, unakuja.

Watu husema, "Mabati ya siku hizi ni karatasi." Siwabishii. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Kadiri namba inavyozidi ndivyo bati linavyopungua unene, na mnunuzi asiyejua hesabu hiyo ya kinyume hudhani amepata kubwa kwa bei ndogo. Mwenye fedha za geji 28 na anunue geji 28. Lakini hata bati zuri hufa mapema likifungiwa, na papi haziozi kwa sababu ya geji. Zinaoza kwa sababu ya maji.

"Maji yatoke wapi, na paa halivuji?" Hapo ndipo penye jambo letu.

Nyumba ya nyasi au ya makuti hupumua yenyewe. Hewa hupita katikati ya nyasi, na moshi wa jiko hupita humo humo, ukikausha fito na kuwaudhi wadudu. Tulipoezeka kwa bati tuliivisha nyumba vazi lisilopitisha hewa wala mvuke. Hata hivyo, nyumba za kwanza za bati hazikuwa na dari, na juu ya ukuta paliachwa nafasi, hivyo upepo uliingia huku ukatokea kule. Siku hizi twaweka dari ya mbao au ya silingi bodi, tunaziba upenu kwa ubao mpana, tunajaza udongo au saruji kila penye tundu, na nyumba inakuwa nzuri kweli kweli. Kumbe kati ya dari na bati tumejenga chumba kikubwa kuliko vyote nyumbani, tena hakina mlango wala dirisha.

Sasa fanya jaribio dogo. Usiku usio na mawingu, acha baiskeli uwanjani, na ya jirani iegemezwe chini ya mwembe. Asubuhi ile ya uwanjani imelowa, ile ya chini ya mwembe ni kavu au karibu kavu. Twasema umande umeshuka, lakini umande haukushuka kutoka popote. Chuma kilichotazama mbingu tupu usiku kucha hupoteza joto lake kuelekea juu, kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Na mvuke uliomo hewani, ukigusa kitu baridi namna hiyo, hugeuka maji. Mwembe uliifunika ile baiskeli nyingine kama blanketi.

Bati la nyumba yako ni ile baiskeli ya uwanjani. Hulala likitazama mbingu kila usiku. Upande wa nje hupata umande, nao jua la saa mbili huukausha. Upande wa ndani nao hutoa jasho kama kuna mvuke wa kutosha darini, na jasho hilo jua haliwezi kulifikia.

Hebu tupige hesabu kama darasani. Hewa ya joto la digrii 20 yaweza kubeba maji gramu 17 hivi katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hata digrii 10, yaweza kubeba gramu 9 tu na kidogo. Zile 8 zinazobaki lazima ziende mahali. Nyumba ya mita 8 kwa 10, yenye dari ambayo kimo chake kwa wastani ni mita 1, ina mita 80 za ujazo za hewa juu ya vichwa vyetu. Hewa hiyo ikiwa imeshiba mvuke, zidisha 80 kwa 8: gramu 640, yaani zaidi ya nusu lita ya maji. Sasa ongeza yale yanayopanda kutoka vyumbani kupitia nyufa za dari. Mtu mzima aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi yake karibu robo lita ya maji kwa usiku mmoja. Hesabu mwenyewe mpo wangapi. Ongeza sufuria ya maharagwe iliyochemka saa tatu, na nguo mbichi zilizotandazwa ndani wakati wa mvua.

Kama mvuke huo una njia ya kutokea, mchana upepo huupeleka zake na mbao hukauka. Kama hauna, unabaki ukizunguka: usiku maji, mchana mvuke, usiku maji tena. Wenzetu wa Njombe na Makete, ambao usiku wa mwezi wa Juni na Julai huwapiga kwa baridi, wanalijua jambo hili zaidi ya watu wa bondeni.

Maji hayo hufanya madhara ya namna tatu. Kwanza ni juu ya zinki. Zinki ikilowa na kukauka kwenye hewa safi hujifanyia ngozi ngumu ya kijivu inayoilinda. Ikikaa na maji bila hewa haipati ngozi hiyo. Inatoa unga mweupe, inaliwa. Yeyote aliyewahi kulundika mabati mapya yakiwa yamelowa, moja juu ya jingine, ameuona unga huo alipoyafungua. Zinki ikiisha, chuma chapata kutu. Pili ni misumari. Ncha ya msumari iliyotokeza ndani ni baridi kama bati, hivyo tone la maji hupenda kuning'inia hapo, na kutu hupanda kuufuata msumari mpaka ndani ya ubao. Tatu ni mbao zenyewe. Mbao iliyokauka vizuri, yenye maji chini ya sehemu 20 katika 100, haiozwi na kuvu. Ikilowa kupita hapo kwa miezi na miezi, kuvu huingia, na papi iliyoliwa na kuvu haishiki msumari. Siku upepo wa masika unapokuja, bati huondoka na misumari yake yote, nasi twasema ni upepo.

Sasa niseme lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu. Nimeona familia ikitoa fedha mara tatu kwa fundi yule yule kuziba uvujaji. Madoa ya kahawia yalitokea kwenye dari, fundi akapanda, akapaka lami juu ya misumari, akalipwa. Baada ya miezi michache madoa yakarudi. Akapaka tena. Mara ya tatu akashauri wabadili mabati manane. Walipoyang'oa, kwa juu yalikuwa mazima. Upande wa chini ndio uliokuwa na kutu, na papi nne zilikuwa zimekwisha. Paa lile halikuwahi kuvuja. Lilikuwa likitoa jasho.

Basi jifunzeni kutofautisha. Paa linalovuja hulowa wakati wa mvua, mahali pamoja au pawili, na doa lake hukua kila mvua inaponyesha. Paa linalotoa jasho hulowa hata kiangazi, asubuhi, baada ya usiku wenye nyota na baridi. Na matone yake hayako mahali pamoja, bali yamejipanga mstari chini ya papi na kwenye ncha za misumari, karibu paa zima. Panda alfajiri na tochi, kabla jua halijagusa bati. Kanyaga boriti tu, usikanyage bodi ya dari, na kama kuna nyaya za umeme usiziguse. Pitisha kiganja upande wa chini wa bati. Choma papi kwa ncha ya kisu karibu na ukuta, maana huko chini ndiko maji hutiririkia. Kisu kikizama bila taabu, habari si njema. Na pua itumike pia: dari lenye afya hunuka vumbi, dari linaloumwa hunuka uyoga.

Akina mama watanisamehe nikigusa mahindi yao. Wengi wetu twahifadhi mahindi darini, na zamani, moshi ulipopita hapo, ilikuwa busara. Lakini gunia la kilo 100 lililopandishwa darini likiwa na maji sehemu 20 katika 100, likikauka hadi sehemu 13, hutoa karibu lita 8 za maji. Magunia kumi ni lita 80! Ni kama kuchukua madumu manne ya kisimani na kuyamwaga taratibu chini ya bati lako. Kisha maji yale yale huyarudia mahindi usiku kwa matone, mahindi yakaota ukungu. Ukungu huo si wa kuchezea. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walifariki kwa sumu kuvu iliyokuwa katika mahindi. Yakausheni juani kwanza hadi punje ing'atwapo itoe mlio, ndipo yapande.

Tuje kwenye dawa, na dawa hii ni rahisi. Hewa iingie chini, itokee juu. Hewa yenye joto na mvuke hupenda kupanda. Ukiipa tundu la juu peke yake bila la chini, haina cha kuisukuma, na ukiipa la chini peke yake, hainyanyuki. Chini maana yake ni chini ya upenu, katika ule ubao wa ubapa unaofunika paa linapotokeza nje ya ukuta. Juu maana yake ni karibu na mgongo wa paa, katika kuta za pembetatu za ncha mbili za nyumba. Au chini ya kofia, kama fundi wako anajua kuinyanyua kidogo bila kuingiza mvua. Wengi hawajui, hivyo mimi huchagua kuta za pembetatu.

Matundu mangapi? Marekani, tangu mwaka 1942, idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba iliweka kipimo kwamba njia ya hewa iwe sehemu moja katika 300 ya eneo la dari, na kipimo hicho kingali kikitumika sana huko, nusu yake chini na nusu juu. Tukichukua nyumba yetu ya mita 8 kwa 10, eneo ni mita 80 za mraba. Gawa kwa 300, wapata robo ya mita ya mraba na ushei. Tundu la sentimita 15 kwa 30 likitobolewa mara sita latosha. Lakini wavu hupunguza njia ya hewa karibu nusu, na kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya nyumba yenye watu tisa na mahindi darini. Weka kumi na mawili: manne kila upande wa upenu, na mawili katika kila pembetatu. Matundu ya pembetatu yawekewe vibao vilivyoinama kwenda nje, kama madirisha ya zamani ya misheni, ili mvua ya upepo isiingie.

Wakati wa kujenga, kazi hii ni ya nusu siku na vipande vya mbao ambavyo vingetupwa. Nyumba ikishakwisha bado yawezekana, ila fundi atataka ngazi, msumeno na chai.

Sasa najua mtanijibu, "Karani, tuliziba kwa sababu. Mbu je? Popo je?" Swali ni la haki, hasa la mbu. Watafiti wa Gambia, na hapa kwetu wale wa Ifakara, wameonyesha kwamba mbu wa malaria huingia nyumbani zaidi kwa kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Aliyeziba nafasi hiyo juu ya chumba kisicho na dari amefanya vema, na sitamwambia azibue. Maneno yangu ni kwa mwenye dari iliyokaza, ambayo mbu akiingia juu yake hapati njia ya kushuka kitandani. Hata huyo, kila tundu lake liwe na wavu wa waya wenye vitundu vidogo vya kuzuia mbu, nao ufagiliwe vumbi mara moja kwa mwaka, maana wavu uliojaa vumbi na utando wa buibui ni sawa na saruji. Na nyufa za dari zizibwe: hapo twazuia mbu asishuke na mvuke usipande, kwa kazi moja.

Wavu huo huo utawazuia popo. Mkojo na kinyesi chao hula zinki, na uzito wa kinyesi cha miaka kumi umewahi kushusha dari nzima. Ila msiwafungie ndani. Ngojeni jioni watoke kuwinda, hakikisheni hakuna vitoto vilivyobaki vikining'inia, ndipo mfunge wavu. Kinyesi kikavu kinyunyizieni maji kabla ya kufagia, na mfagiaji afunike mdomo na pua, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Nisije nikaonekana kama muuza dawa ya minadani inayoponya magonjwa yote. Kuna mambo ambayo matundu hayatibu. Jua ni mojawapo. Bati la mita 3, likitoka kwenye baridi ya digrii 10 alfajiri hadi digrii 60 mchana, hurefuka karibu milimita 2, na usiku hurudi. Kila siku hulivuta shimo la msumari hivyo, na hewa ya darini haipunguzi jambo hilo sana. Huko Marekani, ambako mapaa mengi ni ya vigae vya lami, wauzaji wamekuwa wakisema matundu ya dari ndiyo yanayorefusha maisha ya vigae. Watafiti wa Florida na wa Illinois walipopima walikuta kwamba rangi ya paa na ukali wa jua vina nguvu zaidi kuliko matundu katika kupandisha joto la kigae. Kwa joto la bati, basi, faida ni ndogo. Faida kubwa ni ukavu. Kwa msumari uliolegea, dawa ni msumari wenye mpira mzima, uliopigiliwa juu ya wimbi la bati, si bondeni.

Na pwani ni habari nyingine. Wasomaji wetu wa Bagamoyo, Tanga na Kilwa wana chumvi. Upande wa juu wa bati mvua huusuuza. Upande wa chini hausuuzwi na kitu, na upepo wa bahari ukiingizwa darini huacha chumvi yake hapo hapo. Huko matundu yawe upande usiotazama bahari, na kama mfuko waruhusu, chagueni mabati yaliyopakwa aluminiamu pamoja na zinki. Makuti nayo si ya kudharau.

Onyo moja ambalo sitalifupisha kwa mzaha. Majengo mengine ya zamani, hata shule na zahanati, yana dari au paa la asbesto, zile bodi za kijivu ngumu kama saruji nyembamba. Hizo msizitoboe, msizikate kwa msumeno, msizivunje wala kuzipiga msasa. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, mtu ameshasahau alivuta wapi. Kwenye nyumba ya namna hiyo tobolewe ukuta wa pembetatu tu, na bodi ziachwe mpaka aje mwenye ujuzi wa kuziondoa.

Mama mmoja, nilipomweleza haya baada ya mkutano wa jumuiya, aliniuliza kama watoto hawatapata baridi tukitoboa huko juu. Hapana, mama. Joto la chumbani hushikwa na dari yenyewe, si na hewa iliyo juu yake. Kama dari yako imekaza, waweza hata kutandika juu yake mikeka iliyochakaa, ikiwa mikavu na haigusi bati wala haizibi matundu. Chumba kitakuwa na joto kuliko zamani, na bati nalo litabaki baridi na kavu, kila kimoja mahali pake. Aliniambia mumewe atapanda Jumamosi. Nimempa tochi ya ofisi, arudishe Jumatatu.